Walioingia Ualimu kwa Mlango wa Uani

Walimu wa Tanzania hutaniwa kwa vizazi. Walioingia kazini mwishoni mwa miaka ya 1970 waliitwa walimu wa UPE, kifupi cha ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na wenye ulimi mkali wakazifumbua herufi upya: Ualimu Pasipo Elimu. Waliopelekwa shule za sekondari za kata katikati ya miaka ya 2000, baada ya mafunzo ya mwezi mmoja, wakaitwa Vodafasta, kwa jina la huduma ya kuongeza salio la simu papo kwa papo. Wengine wakawaita yeboyebo, vile viatu vya plastiki vya bei ya chee. Mwaka 2016 ukaja utani uliouma kuliko yote, nao ulitoka juu kabisa. Nitaufikia.

Utani wote huu unahesabu siku. Hauulizi mtu anafundishaje, unauliza alikaa chuoni muda gani. Na kwa kuwa utani ndio uliotangulia, mjadala wetu kuhusu njia za kuingia ualimu umekwama papo hapo kwa miaka hamsini: njia ndefu ni halali, ya mkato ni haramu. Nimekuwa upande huo mimi pia. Siku hizi naona tulikuwa tunapima kamba wakati swali lilikuwa ndoo. Ukiichambua milango ya uani iliyofunguliwa nchini tangu 1974, kilichotofautisha mmoja na mwingine ni nani aliyeketi nyuma ya darasa mwalimu mpya akifundisha, na alirudi mara ngapi.

Mlango wa mbele tunaujua. Kijana wa kidato cha nne alikwenda chuo cha ualimu miaka miwili akatoka na cheti cha Daraja A kufundisha msingi. Wa kidato cha sita alichukua stashahada. Anayekwenda chuo kikuu husoma shahada ya elimu miaka mitatu, na mwenye shahada isiyo ya ualimu huongeza stashahada ya uzamili katika elimu kwa mwaka mmoja. Hii ya mwisho wengi huisahau wanapoorodhesha njia, ilhali ndiyo njia mbadala yenye heshima kuliko zote tulizo nazo. Mwelekeo wa sera sasa ni kuachana na ngazi ya cheti na kuanzia stashahada.

Mlango wa uani wa kwanza na mkubwa kuliko yote ulifunguliwa Musoma. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ilipokutana huko, iliamua kwamba lengo la kila mtoto kwenda shule, ambalo mipango ilikuwa imeliweka 1989, litimizwe ifikapo Novemba 1977. Wanafunzi wa msingi walikuwa kama milioni 1.2 mwaka 1974. Miaka minne baadaye walikaribia milioni 3. Vyuo vya ualimu vilivyokuwepo visingeweza kutoa walimu wa kuwatosha hata vingefundisha usiku na mchana. Basi vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa vijijini mwao, wakapangiwa shule ya karibu, wakawa walimu na wanafunzi kwa wakati mmoja. Saa chache za siku walifundisha watoto wa madarasa ya chini, saa zilizobaki walisoma wao: vitabu vya masomo kwa njia ya posta, vipindi vya Radio Tanzania, na walimu wazoefu wa shule ileile waliopewa kazi ya kuwalea. Juu yao akawekwa Mratibu Elimu Kata, cheo kilichokuja na mpango huohuo. Mwishoni kulikuwa na wiki sita za kukaa chuoni na mtihani. Kuanzia 1976 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 walifuzu zaidi ya watu 35,000 kwa njia hii.

Mmoja wao alinifundisha kusoma. Nilianza darasa la kwanza 1978, na mwalimu wetu alikuwa binti wa kitongoji cha pili, ambaye miaka michache nyuma alikuwa akibeba madumu pamoja na dada zangu. Ubao wetu ulikuwa umechakaa hadi chaki inateleza, kwa hiyo herufi alitufundisha kwanza mchangani, chini ya mwembe, kila mtoto na kijiti chake. Hesabu tulijifunza kwa vizibo vya soda vilivyotobolewa na kutungwa kwenye kamba ya mgomba, kumikumi. Yote haya mtu angeweza kuyakuta shule yoyote. Kisichonitoka akilini ni baiskeli ya Mratibu. Tuliisikia kabla hatujaiona, maana mkebe wake wa mnyororo ulikuwa umelegea. Aliketi kwenye gogo nyuma yetu, kofia mapajani, hakusema neno hadi kipindi kiishe. Kisha wawili wale walibaki wameinamia daftari la mwalimu, yeye akionyesha kwa kidole, mwalimu akifuta na kuandika upya. Sisi tulidhani anagombezwa. Siku moja baada ya mazungumzo hayo vizibo vya soda vikatokea, na ndipo nilipoelewa kwamba kumi na tano ni kamba moja na vizibo vitano.

Sitaki kuupaka mafuta mpango ule. Aliyeishia darasa la saba hakuwa na akiba ya maarifa ya kutosha kuwafundisha watoto wa darasa la sita sayansi, na radio ilitaka betri ambazo duka la kijiji halikuwa nazo. Waratibu wengine hawakuwa na hata hiyo baiskeli. Lakini watafiti Mählck na Temu walipowalinganisha walimu waliopitia vijijini na waliopitia vyuoni, katika utafiti uliochapishwa Paris mwaka 1989 na taasisi ya UNESCO ya mipango ya elimu, hawakukuta lile bonde ambalo utani wetu ulikuwa umelichimba kati ya makundi hayo mawili. Tofauti zilikuwepo, ila zilikuwa ndogo kuliko fedheha iliyobandikwa kwa kundi moja.

Jambo jingine halisemwi kabisa: mlango ule ulikuwa na ngazi ndani yake. Mwalimu wa UPE, aliyeingia na cheti cha Daraja C, hakuachwa pale alipoingilia. Alisoma jioni, akafanya mtihani wa maarifa (QT) kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akapanda Daraja B, akapanda A. Chuo Kikuu Huria kilipoanzishwa kwa sheria ya 1992 na kuanza kazi mwaka uliofuata, walimu walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupanga foleni, maana kwa mara ya kwanza mtu aliweza kusomea shahada bila kuacha darasa, shamba wala watoto. Namfahamu mzee mmoja aliyeanza na cheti cha C akastaafu na shahada. Ilimchukua miaka ishirini na sita. Ukihesabu siku kama utani unavyotaka, njia hiyo "ya mkato" ndiyo ndefu kuliko zote.

Na tusijifanye kuwa nchi za wenzetu hazikupitia huku. Kenya ilipopata uhuru ilikuwa na walimu wengi wasiosomea kazi, wale walioitwa UT, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaanza kusomeshwa kwa posta na radio kutoka kitengo cha chuo kikuu kilichokuwa Kikuyu. Zimbabwe ilikuja na ZINTEC mwaka 1981, mwaka mmoja tu baada ya uhuru wake. Huko mwanafunzi wa ualimu alikaa chuoni wiki 16 mwanzoni, akapelekwa shuleni miaka kadhaa akifundisha huku wakufunzi wakimfuata, akarudi chuoni wiki 16 nyingine kumalizia. Miaka minne yote, nayo kwa sehemu kubwa ndani ya darasa. Aliyeubuni mpango ule alielewa jambo ambalo vyuo vyetu huligusa kwa wiki chache za mazoezi ya kufundisha (BTP) tu: ualimu ni kazi ya mikono pia, na kazi ya mikono hujifunzwa kando ya fundi.

Marekani nako walifungua mlango wao, kwa namna nyingine. Wendy Kopp aliandika wazo la Teach For America katika tasnifu yake ya shahada ya kwanza pale Princeton mwaka 1989, na mwaka uliofuata wahitimu kama 500 wa vyuo vikuu wakaingia kwenye shule za maskini baada ya wiki chache za mafunzo ya kiangazi, kwa ahadi ya kufundisha miaka miwili. Wazo hilo limezaa ndugu zake: Teach First ya Uingereza mwaka 2002, na mengine hadi Uganda na hapa kwetu. Wanaolipenda husema linaleta vichwa vikali mahali ambapo vilikuwa haviendi. Wasiolipenda, mtafiti wa elimu Linda Darling-Hammond akiwa mbele yao, husema watoto wa maskini wamegeuzwa uwanja wa mazoezi ya watu wanaopita njia. Utafiti wa taasisi ya Mathematica wa mwaka 2004 ulikuta wanafunzi wa walimu hao wakifanya vizuri kidogo zaidi katika hisabati, na sawa na wengine katika kusoma. Kila upande uliusoma utafiti huohuo ukatoka umeshinda. Kwangu mimi la kujifunza pale ni dogo tu: kijana aliyebobea hisabati akipewa usimamizi mzuri anaweza kufundisha hisabati mapema. Hilo halihusiani kabisa na kumpa darasa la kwanza lenye watoto mia wasiojua kushika kalamu.

Sasa Vodafasta. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza 2004, kata zikaambiwa zijenge, na zikajenga kweli, kwa tofali za kuchoma na michango ya kuku na mahindi. Shule za sekondari za serikali zilikuwa kama 1,200 mwaka 2005. Kufikia 2010 zilipita 3,000. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizaa vyuo vishiriki viwili vya elimu mwaka 2005, kimoja Chang'ombe na kingine Mkwawa, Iringa, lakini shahada haiivi kwa msimu mmoja. Madarasa yalikuwa tayari na watoto wamekwisha kununua sare. Vijana waliotoka tu kidato cha sita wakakusanywa, wakapewa mafunzo ya mwezi, wakapelekwa.

Kwa elimu ya somo hawa waliwapita mbali walimu wa UPE. Mwenye kidato cha sita cha Fizikia anaijua Fizikia ya kidato cha pili. Shida ilikuwa kwamba walishushwa kwenye basi na begi lao, mkuu wa shule akawapa ratiba ya vipindi thelathini kwa wiki, basi likaondoka. Wengi wa wakuu wale walikuwa wapya nao. Mwalimu mzoefu wa kuketi nyuma ya darasa hakuwepo, maana shule nzima ilikuwa na walimu wanne na mmoja wao yuko likizo ya uzazi. Mratibu wa kata alikuwepo, lakini kazi yake kuu ilikuwa shule za msingi. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013 na asilimia 60 ya watahiniwa wakapata sifuri, watu wakanyoosha kidole kwa Vodafasta kama waliokuwa wakiisubiri siku hiyo. Ni uonevu. Kulikuwa na vitabu visivyofika, maabara zisizojengwa, na Kiingereza ambacho mtoto alikutana nacho kama mkalimani asiyeelewana na yeyote. Ila sehemu ya lawama ni ya kweli, na inawahusu waliowashusha kwenye basi kuliko walioshushwa.

Halafu Dodoma. Mwaka 2014 serikali ilianzisha Chuo Kikuu cha Dodoma stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na TEHAMA, ikichukua waliomaliza kidato cha nne kwa kozi ya miaka mitatu. Kwa karatasi ulikuwa mlango wa uani mzuri kuliko yote iliyotangulia: somo na ufundishaji kwa pamoja, muda wa kutosha, upungufu halisi wa kuzibwa. Mwishoni mwa Mei 2016, katikati ya mgogoro wa wahadhiri kutofundisha, wanafunzi 7,802 waliamriwa kuondoka chuoni. Picha za mabinti wakiwa wameketi juu ya masanduku yao zilizunguka nchi nzima. Siku chache baadaye Rais Magufuli akatamka hadharani neno "vilaza", kwamba watu wa namna hiyo hawakustahili kuwa chuo kikuu. Baadhi walichujwa wakahamishiwa vyuo vya ualimu. Lakini neno lilikwisha kutoka, na ndilo lililobaki. Hapa mlango ulifungwa kabla hatujaona hata kundi moja likimaliza na kupimwa darasani, kwa hiyo hatutajua kamwe kama ulikuwa mbovu. Ndiyo desturi yetu: tukibanwa tunafungua kwa haraka, tukipata nafuu tunafunga kwa aibu, na katikati hakuna anayeandika kilichotokea.

Leo hali imegeuka kichwa chini. Hadi 2015 mhitimu wa ualimu alipangiwa kituo karibu moja kwa moja; tangu ajira ziliposimama mwaka uliofuata, wahitimu wamerundikana. Nafasi zisizofika 15,000 zilipotangazwa na walimu wakaitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira mwanzoni mwa 2025, waombaji walizidi 200,000. Shule zimebaki na upungufu, hasa wa hisabati na sayansi, na mitaa imebaki na walimu, hasa wa Historia na Kiswahili. Mtu akiuliza njia mbadala ya kuwa mwalimu katika nchi ya namna hii, ataonekana anauliza njia ya kuingiza maji kwenye mtumbwi.

Hata hivyo mlango wa uani upo, tena una msongamano. Unaitwa kujitolea. Mhitimu anakwenda shule ya karibu, anaongea na mwalimu mkuu, anapewa madarasa. Posho yake inatoka kwenye kikao cha wazazi, inayotosha nauli na sabuni, na tangu Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulipopiga marufuku michango ya lazima, hata hiyo huja kwa kuombwaombwa. Kenya walijaribu kulipa jambo hili sura rasmi kwa kuwaajiri walimu waliosajiliwa kwa jina la intern, kwa posho, katika sekondari za chini zilizoanza 2023. Mwaka uliofuata mahakama ya kazi ikasema ni kinyume cha sheria, kwa kuwa mtu aliyekwisha kufuzu hawezi kuwa mwanagenzi wa kazi aliyofuzu.

Hapa ndipo VETA, mamlaka ya ufundi stadi, inapotuacha nyuma. Fundi mwashi aliyejifunza kwa mjomba wake, bila kukanyaga chuo, anaweza kupimwa kwa mpango wa urasimishaji ujuzi, akaonyeshwa mapengo yake, akayaziba na kupewa cheti. Yaani kazi aliyoifanya inahesabika. Mwalimu wa kujitolea akifundisha miaka mitatu hakuna anayempima, na wabunge wamekuwa wakiuliza mara kwa mara kwa nini miaka hiyo isimpe kipaumbele. Ugumu upo: nani atathibitisha kwamba alijitolea kweli, na mwalimu mkuu aliyesaini si shemeji yake? Lakini ugumu huo hutatuliwa kwa mtu kwenda kuketi nyuma ya darasa, jambo ambalo Afisa Elimu Kata, huyo mrithi wa Mratibu wa baiskeli, sasa ana pikipiki ya kulifanya.

Tena tutahitaji mlango huo hivi karibuni kwa sababu nyingine. Mtaala mpya umeleta mkondo wa amali sekondari, na ushonaji, uchomeleaji au ufundi magari haufundishwi na mtu aliyeusoma kwenye kitabu. Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro kimezoea mpangilio wa kinyume: mtu anakuja akiwa fundi tayari, kisha anafundishwa kufundisha. Sekondari zetu zitalazimika kujifunza huko, la sivyo tutakuwa na walimu wa uchomeleaji wanaoogopa cheche.

Mwaka jana nilikaa siku moja katika shule ya msingi pembezoni mwa mji, jina lake nitalihifadhi. Darasa la pili, watoto 114, lilikuwa la binti wa kujitolea mwenye shahada ya elimu, mwaka wake wa tatu pale. Andalio lake la somo lilikuwa limepigwa mistari kwa rula: utangulizi, maarifa mapya, uimarishaji, tafakuri, hitimisho. Kwenye safu ya tathmini wengi huandika "somo limeeleweka" wakamaliza. Yeye alikuwa ameandika majina ya watoto tisa na silabi zinazowashinda. Alikuwa na madaftari manne ya namna hiyo, yamefungwa pamoja kwa mpira, na hakuna ukurasa uliokuwa na saini ya mtu kutoka nje ya shule. Niliuliza kama atayabeba kwenye usaili, uliokuwa wiki ile.

"Kule hawataki madaftari, kaka," alisema. "Wanataka vyeti halisi na kitambulisho. Mchujo ni wa kuandika."

Alikuwa ameomba ruhusa ya siku mbili. Mwalimu mkuu alipitisha penseli kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, akatafuta wa kushika vipindi vyake, akakosa, akawaunganisha watoto wale na wa darasa la kwanza.